Tumsitiri Ndugu Yetu: Picha za Majeruhi na Marehemu Katika Makundi ya Simu

Kiswahili kina neno moja linalofanya kazi tatu. Aliye uchi akipewa nguo, tunasema amesitiriwa. Mwenye aibu yake akipata jirani wa kuifunika asiitangaze, tunasema amesitiriwa. Na jeneza likishafunikwa udongo, wazee hutoka makaburini wakisema: "Tumemsitiri ndugu yetu." Nguo, siri na kaburi vimekaa katika neno moja kwa sababu vyote hufanya kazi ileile: kumkinga na macho ya watu yule ambaye wakati huo hawezi kujikinga mwenyewe.

Tunalikumbusha neno hilo kwa sababu ya jambo linalotokea kila wiki katika makundi ya WhatsApp ya jumuiya, ya kwaya, ya ukoo na ya watu waliosoma pamoja. Basi likipinduka, picha za waliolala barabarani hufika kwenye simu kabla gari la wagonjwa halijafika kwenye tukio. Mgonjwa akilazwa, picha yake akiwa na mirija puani huzunguka kwa watu mia mbili, huku yeye mwenyewe hana hata nguvu ya kuuliza nani amempiga. Mtu akifariki, kuna anayeona ni lazima tuuone uso wake mochwari ndipo tuamini kwamba amekufa.

Msimamo wetu ni huu: picha ya mwili wa mtu aliyekufa, au wa majeruhi asiyeweza kusema ndiyo wala hapana, haina nafasi katika kundi lolote la simu, hata kama aliyeituma ana nia njema. Habari ya mtu huyo inaweza kutolewa yote bila picha hiyo. Tena makundi yetu yanapaswa kukubaliana juu ya hili sasa, kukiwa kimya, kwa sababu siku ya ajali hakuna anayetulia kufikiri.

Taarifa ya msiba ina mlango wake

Katika makabila yetu mengi, taarifa ya msiba haitupwi tu. Hutafutwa mtu mzima, mara nyingi wawili, nao huenda nyumbani kwa mfiwa. Hupiga hodi, hukaribishwa na kuketi. Huulizia hali za watu wa nyumbani kwanza. Mama mwenye presha hatangaziwi akiwa amesimama jikoni peke yake, na kijana aliye safarini huambiwa "njoo, mgonjwa hali si nzuri", akaambiwa neno lenyewe akiwa tayari mikononi mwa watu wake. Wageni wanaweza kuuona utaratibu huu kama kuzungukazunguka. Sisi tunajua kwamba huo ndio mkeka unaotandikwa ili anayeanguka asianguke kwenye sakafu tupu.

Picha inayoruka kwenye kundi haipigi hodi. Humkuta binti sokoni akiwa na wateja mbele yake. Humkuta mwanafunzi bwenini saa nne usiku. Aliyeituma hakujua kwamba katika wale mia mbili yumo mke wa marehemu, au mdogo wake, au mtoto aliyeshika simu ya mama yake akicheza. Familia hukumbuka siku ya msiba kwa miaka mingi, na namna walivyopata taarifa huwa sehemu ya msiba wenyewe. Aliyeambiwa na shangazi akiwa amemshika mkono ana kumbukumbu moja. Aliyeona damu ya baba yake kwenye kioo cha simu ana nyingine, na hiyo haifutiki kwa rambirambi.

Tuliyoyaona katika misiba mikubwa

MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, nchi nzima ililia. Watu wengi hawakuwa na simu ya mkononi. Habari zilikuja kwa redio na kwa midomo ya watu, na waliokuwa na ndugu melini walisafiri hadi Mwanza kuwatafuta. Wengi wa marehemu walizikwa Igoma, na makaburi yao yapo mpaka leo. Kilio kilikuwa kikubwa vilevile, lakini macho ya taifa hayakuwekwa juu ya kila mwili uliotolewa majini.

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, Morogoro. Watu walikusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na waliokufa, pamoja na waliofariki baadaye hospitalini, walizidi 100. Serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo. Lakini kabla ya maombolezo hayo kutangazwa, picha na video za watu waliokuwa wakiungua zilikuwa zimeshazunguka nchi. Tujiulize picha zile zilimpa nini mwananchi wa Songea au Kigoma. Kwamba moto wa petroli unaua, tulijua. Kwamba watu wengi walifariki, tungeambiwa na tuliambiwa. Kilichoongezwa na picha ni kitu kimoja tu: mtu fulani, mtoto wa mama fulani, alionekana na watu asiowajua, nguo zake zikiwa zimeungua mwilini, katika dakika ambayo binadamu yeyote angeomba afunikwe.

Wapo waliosema baadaye kwamba wale walikuwa wezi wa mafuta. Hapa kuna jambo la kuogopa zaidi. Picha haielezi aliyekuwa akichota na aliyekuwa akipita, dereva wa bodaboda aliyesimama kuangalia na mtu aliyekwenda kuokoa. Huwaweka wote katika fremu moja, na maneno yanayoandikwa chini yake na mtu asiyekuwepo huwa ndiyo hukumu. Marehemu hana nafasi ya kujibu.

Picha ikishatoka, hairudi

Inafaa kuelewa namna mitambo hii inavyofanya kazi, maana wengi hudhani wanaweza kujirekebisha baadaye. Kundi moja la WhatsApp laweza kuwa na watu hadi 1,024. Tuchukue kundi dogo tu la watu 200. Wakitokea watano ndani yake, kila mmoja akaisambaza kwenye kundi lingine la ukubwa huohuo, picha imefika kwenye simu 1,000 nyingine. Watano wa kila kundi kati ya hayo wakifanya vivyo hivyo, tumeongeza simu 5,000. Haya ni mambo ya muda wa kunywa chai.

Wenye programu waliliona tatizo hilo. Mwaka 2019 WhatsApp iliweka kikomo duniani kote, ujumbe usisambazwe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2020 ikaongeza kwamba ujumbe uliokwisha kupita mikononi mwa watu wengi, ule wenye alama ya mishale miwili, utumwe kwenye mazungumzo moja tu kwa wakati. Vikomo hivyo hupunguza kasi, lakini havizuii. Mtu akiwa na nia, hurudia mara kumi.

Na kuhusu kufuta: kipo kitufe cha kufuta kwa wote, nacho hufanya kazi kwa muda wa siku mbili na saa chache tu tangu kutuma. Lakini hufuta ujumbe pale ulipotumwa. Hakifuti nakala iliyokwisha kusambazwa kwingine, wala ile ambayo simu ya mpokeaji ilikwisha kuihifadhi yenyewe pamoja na picha zake za harusi na za watoto. Na kwa kuwa ujumbe husafiri ukiwa umefungwa, asiweze kuufungua mwingine isipokuwa mtumaji na mpokeaji, hakuna ofisi mahali popote ambapo familia inaweza kwenda kusema: "Tafadhali iondoeni picha ya baba yetu." Mlango pekee ulio na ufunguo ni kidole cha yule anayetaka kutuma.

"Lakini tunataka watu wasaidie"

Wanaotuma picha hizi wengi wao si watu wabaya. Wana sababu, na sababu zao zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Ya kwanza ni michango. Husemwa kwamba watu hawatoi bila kuona kidonda. Tunajua hospitali ni gharama na kwamba wapo wagonjwa waliopona kwa sababu kundi lilichanga. Lakini mgonjwa kuoneshwa jeraha lake ili ahurumiwe ni kumfanya alipe kwa heshima yake kabla hajapokea hata shilingi. Kinachomfanya mtu mwenye busara atoe ni uhakika, na uhakika hautoki kwenye kidonda, kwani picha ya kidonda chaweza kuwa cha mtu yeyote. Hutoka kwa mtu anayeaminika: mwenyekiti wa jumuiya au katekista akisema, "Nimekwenda, nimemwona, amelazwa wodi fulani, gharama ni kiasi hiki, fedha zitapokelewa na mtu huyu, na hesabu tutawaletea Jumapili." Jumuiya inayofanya hivyo huchanga vizuri kuliko kundi linalooneshwa damu, maana damu huzoeleka. Anayeona picha kumi kwa mwezi, ya kumi na moja haimgusi tena.

Ya pili ni kumtambua mtu asiyejulikana. Hii ni sababu nzito. Lakini anayetafuta ndugu yake haitaji kuona mwili ulioharibika. Anahitaji kujua jinsia, umri wa kukadiria, rangi ya shati, aina ya viatu, namba ya basi alilopanda, na hospitali alikopelekwa. Picha ya ufunguo, ya mkoba au ya kitenge inaweza kumwita mama kutoka mbali bila kumvunja moyo mbele ya watu. Kama ni lazima uso uonekane, hilo lifanywe na hospitali na polisi, na uoneshwe kwa anayedai ni ndugu.

Ya tatu ni kuonya: madereva waogope, vijana waache pombe. Onyo linalofaa ni lile linalomwambia mtu la kufanya. "Daraja limebebwa na maji, piteni njia ya juu" ni onyo. Mwili uliokatika hausemi njia ipi ipitwe.

Iko pia hoja ya nne, nayo ni kwamba picha za marehemu zimewahi kuamsha dhamiri za watu. Ni kweli. Mwaka 1955 kijana mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa kikatili katika jimbo la Mississippi nchini Marekani. Mama yake, Mamie Till, alikataa jeneza lifungwe kwenye mazishi huko Chicago. Alitaka watu waone walichomfanyia mwanawe. Gazeti la Jet likachapisha picha, na picha ile ikawasukuma wengi kuingia katika harakati za kudai haki. Lakini tuangalie aliyeamua. Hakuwa mpita njia mwenye kamera, wala mtu aliyetaka kuwa wa kwanza kutoa habari kundini. Aliamua mama mzazi, akijua anachofanya na kwa nini. Mfano huu hautupi sisi ruhusa. Unatuonesha ruhusa hutoka kwa nani.

Si picha tu, na si wafu tu

Yanayosemwa juu ya picha yanahusu pia mafaili. Katika makundi huonekana majibu ya vipimo vya hospitali, barua za rufaa, nakala za vitambulisho vya taifa, na orodha za michango zenye majina na viasi, ambapo mjane aliyetoa elfu mbili husomwa na wote baada ya mfanyabiashara aliyetoa laki tano. Karatasi ya hospitali ina jina, umri, ugonjwa, na pengine dawa ambazo mgonjwa hajamweleza hata mwenzi wake. Ikisafiri, hakuna anayejua itasomwa na nani miaka mitano baadaye, mgonjwa akiwa amepona na anaomba kazi.

Watoto nao wahesabiwe. Picha ya Komunyo ya Kwanza ni furaha, na hatusemi zisipigwe. Lakini picha ya mtoto mmoja mmoja, yenye jina lake kamili na sare ya shule inayoonesha anakosoma, humpa mgeni mwenye nia mbaya kila anachohitaji. Aidha, picha ikitumwa kama faili badala ya picha ya kawaida, yaweza kubeba ndani yake saa na mahali ilipopigwa.

Sheria imeanza kuyaangalia haya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo huzihesabu taarifa za afya na za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Jirani zetu Kenya wana sheria ya namna hiyo tangu 2019, na mwaka 2023 shule moja huko ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Kwa Kanisa si jambo geni pia: kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa hulinda jina jema la mtu na haki yake ya faragha, na Katekisimu, katika namba 2300, hudai miili ya marehemu itendewe kwa heshima na mapendo. Lakini jumuiya inayongoja faini ndipo iwe na adabu imechelewa.

Hamu na ndugu zake

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, kina kisa kifupi kinachotufaa. Nuhu alilewa, akalala uchi hemani mwake. Mwanawe Hamu aliona, akatoka nje akawaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi walichukua vazi, wakalitandaza mabegani mwao, wakaingia kinyumenyume, nyuso zao zikiangalia upande mwingine, wakamfunika baba yao bila kumtazama.

Habari waliyokuwa nayo ilikuwa moja, na ilikuwa ya kweli. Hamu hakusema uongo. Wengi hujitetea hivyohivyo leo: "Lakini picha ni ya kweli." Ukweli wake hautoshi. Ndugu hao wawili nao walijua ukweli wote, na kwa sababu waliujua walijua pia kwamba kinachohitajika ni nguo. Mapokeo yetu yanahesabu matendo saba ya huruma ya kimwili, na mawili kati yake ni kuwavika walio uchi na kuzika wafu. Aliyelala barabarani baada ya ajali anahitaji yote mawili kwa pamoja. Mwenye kanga akamfunika ametenda tendo la huruma. Mwenye simu naye anaweza kulitenda, kwa kuiacha mfukoni.

Tukubaliane haya

Tunapendekeza kila jumuiya, kwaya na chama cha kitume wachukue dakika ishirini katika mkutano ujao, wakubaliane mambo machache na kuyaandika katika maelezo ya kundi lao.

Kwanza, picha ya maiti au ya majeruhi haitumwi. Ikitumwa, admini huiondoa mara moja bila mjadala, kisha humpigia simu aliyeituma na kuzungumza naye faraghani. Kumkemea mbele ya watu mia mbili ni kumvua nguo na yeye.

Pili, taarifa ya msiba hutolewa na mtu mmoja aliyeteuliwa na familia, baada ya ndugu wa karibu kujua. Picha inayoambatana nayo ni ile iliyochaguliwa na familia, marehemu akiwa hai na amevaa vizuri.

Tatu, maombi ya msaada wa matibabu huja kwa neno la kiongozi aliyemtembelea mgonjwa. Karatasi za hospitali hubaki kwake na kwa mweka hazina.

Nne, anayefika kwenye ajali aandike kwa maneno: mahali, chombo, saa, hospitali walikopelekwa majeruhi. Kabla ya hapo apige simu ya msaada, na mikono yake isaidie.

Tano, kila mmoja azime kwenye simu yake mpangilio unaohifadhi picha zenyewe bila kuulizwa. Picha ya namna hiyo ikimfikia, iishie kwake. Haina haja ya kutumwa kwa mwingine hata kwa kusema "jamani oneni ukatili huu". Mtu anayeifuta amefanya zaidi ya anayeandika maneno marefu ya kulaani huku akiisambaza.

Kwa ndugu zetu waseminari na mapadre kuna neno la ziada. Watu hututumia picha hizi wakidhani padre lazima aone ili aombe. Tuwajibu kwa upole kwamba jina la mgonjwa linatosha kwa sala, na jina la marehemu linatosha kwa Misa. Wakilisikia hilo kwetu mara kadhaa, watalibeba hadi majumbani.

Wazee wa pwani wana usemi mfupi: mwosha huoshwa. Aliyemwosha marehemu leo, kesho ataoshwa na wengine, na kwa hiyo huosha kwa uangalifu, hufunika anachokiona, na akitoka nje hasimulii. Kila mwenye simu leo amekabidhiwa kazi ya mwosha bila kuiomba. Aifanye kwa mikono ambayo angependa imshike siku yake itakapofika.